Sanduku la Maswali: Matatu Iliyokwama Gikomba na Barua Nyingine za Watunzi wa Gemu

Mwezi huu sanduku letu limejaa barua za watu wanaocheza gemu kwenye kompyuta na, kwa wingi unaonishangaza, za wale wanaozitunga wenyewe usiku baada ya kazi za mchana. Nimeziweka kando barua zote zilizouliza gemu ipi ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu nilipojibu swali kama hilo mara ya mwisho nilipoteza rafiki wawili na sikumpata hata mmoja wa kuwafidia.

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu kutoka Umoja. Mimi ni karani wa ghala katika Eneo la Viwanda. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitunga gemu ambamo mchezaji anaendesha matatu kutoka Umoja hadi katikati ya jiji. Nilianza na barabara moja, nikaongeza mvua, kisha askari wa trafiki, kisha makanga anayebishana na abiria kuhusu chenji, na sasa ninalijenga soko la Gikomba kibanda kwa kibanda. Hufika nyumbani saa mbili usiku, nikala, nikakaa mbele ya kompyuta saa mbili hivi. Kila Jumamosi mke wangu huniuliza kama imekwisha. Nitaimalizaje?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza tupige hesabu ambayo watu wa kazi yetu hii ya usiku huiogopa. Saa mbili kwa usiku, siku tano kwa wiki, ni saa 10. Kwa mwaka ni kama saa 500. Ondoa usiku ambao stima imepotea, usiku wa wageni, wa matanga na wa kusinzia kwenye kibodi, nawe utabaki na saa 300 ukiwa na bahati. Kwa hiyo miaka yako mitatu ni saa 900, yaani chini ya miezi sita ya mtu anayefanya kazi hiyo saa 40 kwa wiki. Hujachelewa kama unavyodhani. Ila umejitwika mzigo wa mtu mwingine.

Watunzi wengi wanaofanya kazi peke yao humtaja Eric Barone wa Marekani, aliyetengeneza Stardew Valley, gemu ya kulima shamba, bila msaidizi, michoro, muziki na programu yote, akaitoa Februari 2016. Wanachosahau kukitaja ni kwamba ilimchukua miaka minne na nusu, na kwamba hakuwa akiifanya baada ya kushuka kwenye matatu saa mbili usiku. Hata tukikadiria kwamba alifanya saa 40 tu kwa wiki, ambalo ni kadirio la chini, hizo ni saa 9,000. Kwa mwendo wako wa saa 300 kwa mwaka, ungehitaji miaka 30. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, lakini gogo lako, ndugu yangu, linachipuza matawi mapya kila jioni.

Dawa ni kukata. Jiulize mchezaji wako anafanya kitendo gani hasa, kile ambacho ukikiondoa hapabaki mchezo. Nikiisoma barua yako naona kitendo hicho si kuendesha gari, bali ni kufika kwenye stegi kabla ya matatu ya mbele kuwazoa abiria wote. Basi tengeneza safari moja tu, ya dakika tano, yenye mwanzo, yenye njia ya kushinda na njia ya kushindwa, na yenye kitufe cha kuanza upya. Abiria wawe na umbo la sanduku. Mvua isinyeshe. Gikomba iingie katika faili uliyoipa jina la "Baadaye", nawe usiifute, kwa sababu mtu akishajua kwamba wazo lake limehifadhiwa huacha kulilinda.

Safari hiyo ikishachezeka, hata kama inatia haya kuitazama, wape watu watatu waicheze, nawe ukae nyuma yao ukiwa umefunga mdomo. Hilo la kufunga mdomo ndilo gumu. Mimi niliwahi kutunga mchezo wa kibanda cha mandazi, nikatumia wiki mbili nzima kuufanya mvuke wa chai upande vizuri, na mtoto wa jirani alipoketi kuucheza alishindwa kabisa kuona mahali pa kubonyeza ili uanze. Alitazama mvuke wangu kwa dakika moja, akaniuliza kama ni video. Jioni hiyo nilijifunza mambo ambayo wiki mbili hazikunifundisha.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza lakini nitalisema kwa lazima: hifadhi kazi yako mahali pengine. Nilipoteza miezi minne ya kazi siku stima ilipokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, na diski yangu ikagoma kuamka tena. Nakala ya akiba nilikuwa nayo, lakini ilikuwa kwenye flashi iliyochomekwa nyuma ya kompyuta ileile, na yenyewe ikaungua. Tumia Git, programu ya bure ya kutunza kila badiliko la msimbo, ambayo Linus Torvalds aliibuni mwaka 2005 kwa ajili ya kuisimamia kazi ya kutunga Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Kila usiku kabla ya kulala, weka alama ya ulichobadilisha kwa sentensi moja na kukituma kwenye seva iliyo nje ya nyumba yako. Sentensi hiyo ina faida ya pili: kesho saa tatu usiku, ukiwa umechoka, ndiyo itakayokukumbusha ulikuwa wapi, usije ukatumia nusu ya muda wako kutafuta mahali pa kuanzia.

Na Jumamosi ijayo usimweleze mama watoto. Mwachie kiti acheze.

SWALI: Ninatumia Unity, injini ya kutungia gemu, tangu chuoni. Tangu zogo lile la ada, wenzangu wananihimiza nihamie injini nyingine, Godot. Niko katikati ya gemu yangu ya pili. Nihame? (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Zogo unalolitaja lilianza Septemba 2023, kampuni hiyo ilipotangaza kwamba itatoza ada kwa kila mara gemu inaposakinishwa ikishavuka viwango fulani, na lilipoa Septemba 2024 ada hiyo ilipofutwa. Ni kweli kwamba Godot, iliyoanzishwa na watunzi wawili wa Argentina na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014, haina ada wala mgawo wa mapato, na leseni yake ya MIT haiwezi kubatilishwa juu ya toleo ambalo tayari unalo mkononi. Pia ni nyepesi kupakua, jambo ambalo mtu anayenunua data kwa bando hulithamini. Lakini mtu hahami nyumba huku chungu kiko jikoni. Maliza gemu ya pili hapo ulipo, kisha ya tatu uianze kwa Godot, iwe ndogo kuliko hizo zote.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, ninakaa Roysambu. Nimeweka akiba ya shilingi 45,000 ninunue kompyuta ya kuchezea na kujifunzia kutunga gemu. Muuzaji mmoja wa mjini ameniambia kompyuta ya mezani ya eks-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, yenye kichakataji cha Core i5 cha kizazi cha nne "inaweza kila kitu". Nimwamini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muuzaji anayesema kompyuta inaweza kila kitu hajaulizwa swali la pili, kwa hiyo nenda ukamwulize.

Vichakataji vya kizazi cha nne vilitoka mwaka 2013. Bado vinafanya kazi, lakini Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au zaidi pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Ukinunua cha nne leo, unanunua mashine ambayo tayari imefungiwa mlango rasmi. Unaweza kuweka Linux, ambayo Godot inaipenda, na Steam, duka la gemu la mtandaoni, tangu mwaka 2018 ina programu ya Proton inayoendesha gemu nyingi za Windows humo; ila baadhi ya gemu za mashindano mtandaoni hukataa kwa sababu ya ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu. Mimi ningetafuta kizazi cha nane, hata kama ni lazima nisubiri miezi miwili zaidi.

Swali la pili ni la umbo. Kompyuta hizi za ofisi huja katika makasha ya namna mbili, jembamba na pana, na wengi hulinunua jembamba kwa sababu linapendeza mezani. Humo kadi ya michoro ya kawaida haiingii. Inahitajika ile fupi. Tena ugavi wake wa umeme mara nyingi hauna waya wa ziada wa kuilisha kadi, kwa hiyo kadi itategemea kile inachopewa na tundu lake tu, ambacho hakizidi wati 75. Ndiyo sababu mafundi wa Luthuli Avenue na Moi Avenue huitaja sana GTX 1650 ya mwaka 2019: ipo katika umbo fupi na inaridhika na wati hizo. Kadi inayodai umeme zaidi ya huo utainunua, uipeleke nyumbani, na uishie kuitazama.

Kuhusu kumbukumbu ya RAM, vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, hasa ikiwa utaanza bila kadi ya michoro, kwa sababu michoro itakuwa inakopa kumbukumbu hiyo na njia mbili huipitisha kwa kasi zaidi. Diski iwe ya SSD, na kabla ya kutoa pesa omba uonyeshwe imefanya kazi saa ngapi. Habari hiyo imeandikwa ndani ya diski yenyewe na muuzaji mwaminifu hatachukia kukuonyesha. Iwashe dukani, icheze video, ichomeke flashi katika kila tundu. Mwisho, bakiza pesa za kifaa cha UPS, hata kidogo. Si cha kuendelea kucheza stima ikipotea. Ni cha kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa heshima.

Wala usione haya kuwa na mashine dhaifu. Gemu inayokwenda kwenye kompyuta yako itakwenda kwa kila mtu wa mtaani kwenu, na mtunzi mwenye mashine ya shilingi laki tatu hugundua jambo hilo akiwa amechelewa.

SWALI: Katika gemu yangu pikipiki inakwenda vizuri. Nilipompelekea binamu yangu wa Nakuru, ambaye ana skrini mpya, pikipiki iliruka kama imekatika breki. Msimbo ni uleule. Nimerogwa? (Fundi wa simu, Kawangware)

JIBU: Hujarogwa, umehesabu kwa fremu badala ya kuhesabu kwa sekunde, na hakuna mtunzi ninayemjua ambaye hakuanza hivyo.

Gemu ni picha, ndizo fremu, zinazochorwa moja baada ya nyingine. Skrini yako bila shaka inaonyesha picha 60 kwa sekunde, na kila picha ina muda wa milisekunde 16.7 hivi. Ya binamu yako yaelekea ni ya picha 144. Ikiwa umeandika kwamba pikipiki isogee nukta 5 katika kila picha, kwako inasogea nukta 300 kwa sekunde, kwake nukta 720. Na kwa maskini mwenye kompyuta inayofikisha picha 24 tu, inajikokota nukta 120, naye atadhani gemu yako inahusu pikipiki iliyoishiwa petroli.

Andika mwendo kwa sekunde, kisha uuzidishe kwa muda uliopita tangu picha iliyotangulia. Katika Godot muda huo unaletewa bure, unaitwa delta, na ni sehemu ya sekunde. Nukta 300 mara delta itatoa mwendo uleule Kawangware na Nakuru. Kwa mambo ya kugongana na kuruka, yaandike katika sehemu ile ya msimbo inayoshughulikia fizikia, inayoendeshwa mara 60 kwa sekunde bila kujali skrini, la sivyo pikipiki itapenya ukuta siku kompyuta itakapochelewa. Tahadhari moja: usizidishe kwa delta mahali ambapo injini imeshazidisha yenyewe. Kosa hilo hulifanya gari litambae kama limesimama, na nililitafuta usiku mzima kabla ya kulicheka.

SWALI: Hucheza mtandaoni na wenzangu kwenye seva za Ulaya. Pingi yangu haishuki chini ya 150, na mara nyingi ni 170. Nikipanda kutoka kifurushi cha megabiti 20 hadi cha 100, nitapona? (Msomaji, Lang'ata)

JIBU: Pesa zako ziache mfukoni. Megabiti ni upana wa barabara. Pingi ni urefu wa safari ya kwenda na kurudi. Ukiipanua Barabara ya Thika iwe na njia 20, Thika haitasogea karibu na Nairobi hata hatua moja.

Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt, ambako seva nyingi za Ulaya zimewekwa, ni kama kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka, yaani milisekunde 63 kwenda na kurudi hata kama ungetandaziwa waya wako peke yako juu ya jangwa. Waya halisi hauendi hivyo. Data yako inateremka hadi Mombasa, inaingia katika mikongo iliyolazwa chini ya bahari, inazunguka Pembe ya Afrika, inapita Bahari ya Shamu na Misri, kisha inavuka Mediterania, na kila kituo kinaongeza chake. Ukipata 150, mtoa huduma wako hajakuibia.

Mikongo hiyo, SEACOM na TEAMS tangu 2009 na EASSy tangu 2010, ndiyo iliyotutoa katika enzi za setilaiti, ambapo pingi ya 600 ilikuwa jambo la kawaida na kucheza mtandaoni kulikuwa kama kupigana na mtu kwa kuandikiana barua. Lakini haikosi ajali. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, na wengi wenu mtakumbuka intaneti ilivyolegea Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Siku kama hiyo hakuna kifurushi kitakachokufaa.

Unachoweza kukirekebisha kiko ndani ya nyumba yako. Unganisha kompyuta kwa waya badala ya Wi-Fi, hasa kama unakaa kwenye ghorofa ambalo kila mlango una ruta yake na zote zinapigiana kelele. Zuia simu na televisheni zisipakue masasisho wakati unacheza. Tena chungulia kama gemu yako ina seva ya Johannesburg, kwa kuwa umbali wake ni chini ya nusu ya ule wa Frankfurt. Wenzako watanung'unika kidogo kuhama, ila wakiwa Wakenya watafaidika wote.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 16. Anasema hachezi, anatengeneza mchezo. Nitajuaje kama ni kweli? Mimi ni mama, Buruburu.

JIBU: Mama, mwombe akuonyeshe kile kinachoharibika. Anayecheza tu atakuonyesha alama alizopata na jinsi alivyomshinda fulani. Anayetunga atakuonyesha mtu asiye na kichwa, mlango usiofunguka, na ukurasa wa maandishi ambao hutaelewa, na atazungumza bila kupumua. Ukiona hayo, msaidie kwa kumpangia saa badala ya kumnyang'anya kompyuta. Na kama atakuonyesha alama, bado saa ni zilezile, ila na kazi ya shule itangulie.

SWALI: Nimemaliza gemu ndogo ya mafumbo. Nataka kuiuza Steam kwa dola 5. Nitabaki na kiasi gani, na je, M-Pesa itanisaidia? (Mhasibu, South B)

JIBU: Kumaliza ni habari kubwa kuliko kuuza, kwa hiyo hongera kwanza. Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo wewe kama mhasibu utaipenda na kuichukia kwa pamoja.

Kuiingiza gemu moja Steam kunalipiwa dola 100, ambazo hurudishwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Utasubiri siku 30 tangu kulipa kabla ya kuruhusiwa kuitoa, na ukurasa wake lazima uwe umeonekana kwa wiki mbili angalau. Malipo hayo unaweza kuyafanya kwa kadi ya Visa iliyomo ndani ya M-Pesa, inayoitwa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022. Mapato yenyewe utayapokea kwenye akaunti ya benki. Kwa kila mauzo, Steam huchukua asilimia 30. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo kwa mauzo yaliyofanywa kwa wanunuzi wa Marekani serikali yao hukata asilimia 30 nyingine katika fungu lako. Basi Mmarekani akitoa dola 5, bila kuhesabu kodi ya mauzo ya huko kwao, Steam inachukua 1.50, zinabaki 3.50, kodi inachukua 1.05, nawe unaona 2.45 ikiwa njiani kuja benki, ambako ada nyingine zinakusubiri. Mauzo ya nchi nyingine hayakatwi kodi hiyo ya Marekani, ila ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haikwepeki. Mnunuzi pia ana haki ya kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 ikiwa hajacheza zaidi ya saa 2, na mchezo wa mafumbo unaokwisha kwa saa moja na nusu umekaa pabaya mbele ya kanuni hiyo.

Ningekuwa wewe, ningeanza na itch.io, ambako kuingia ni bure na mtunzi mwenyewe huchagua asilimia atakayoiachia tovuti. Huko hakuna umati, na huenda usipate hata pesa za chai. Lakini wachezaji 50 wa kwanza watakuonyesha fumbo linalowakwamisha wote, nawe utalirekebisha kabla dola 100 hazijatoka mfukoni.

Umeandika pembeni kwamba umetumia wimbo wa zamani wa benga kama muziki wa ufunguzi, "kwa kuwa mwimbaji alishafariki". Uondoe leo hii. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, haki ya mtunzi wa muziki hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na rekodi yenyewe ina haki yake tofauti, mara nyingi mikononi mwa mtu mwingine. Mtafute kijana mpiga gitaa, mlipe, muandikiane hata ukurasa mmoja.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni kijana wa Majengo, Pumwani. Babu yangu, mzaliwa wa Lamu, alinifundisha bao la kiswahili, nami ninalitia kwenye kompyuta ili wajukuu walioko ng'ambo wacheze naye. Kula kete za mpinzani, na kutakata, yaani kusambaza bila kula, vyote nimeviandika. Lakini mara mojamoja mtu akitakata, kompyuta inaganda kabisa mpaka niizime kwa nguvu. Nimekagua msimbo mara kumi. Kosa liko wapi?

JIBU: Barua hii niliisoma mara mbili kwa furaha. Wasiolijua bao wafahamu kwamba ubao una safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa katika nyumba, shimo lake kuu, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, huku 22 zikisubiri kunamuliwa, yaani kutiwa ubaoni moja moja. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezaji huzichota na kuendelea kusambaza, na kwa kawaida zamu yake haiishi mpaka alale kwenye shimo tupu.

Kosa, kijana wangu, huenda halimo katika msimbo wako. Limo katika bao. Imethibitishwa kwamba kuna mipango ya kete ambayo mtu akiianza kuitakata hatalala kamwe: kete zitazunguka na kuzunguka, na kompyuta, isiyojua kuchoka, itatii. Tena kwa kuwa umeuweka mzunguko wote ndani ya fremu moja, skrini haipati nafasi ya kuchora chochote, ndiyo maana unaona imeganda.

Fanya mambo mawili. Kwanza, kila fremu isambaze kete moja tu, au moja kwa kila robo ya sekunde, ili mchezaji aone mkono ukitembea. Babu yako mwenyewe hapendi kete zinazoruka bila kusikika. Pili, kila unapochota upya, iandike hali yote: kete za mashimo yako 16, shimo ulilopo, na upande unaoelekea. Ikiwa hali hiyo ilishatokea katika zamu hiyohiyo, basi umeshika duara lisilo na mwisho na unaweza kulitangaza. Zamu ya kula nayo haitakuponyoka, kwa sababu kete za mpinzani hupungua tu ndani ya zamu yako, na hivyo kula kuna kikomo; kitakachozunguka milele ni kusambaza peke yake. Kwa kuwa duara linaweza kuwa refu mno kabla halijajirudia, weka pia idadi ya juu ya machoto, tuseme 500.

Kinachobaki ni nini kifanyike likishatangazwa: hatua ihesabiwe haramu, au zamu imalizikie hapo. Hilo usiliamue wewe, wala nisiliamue mimi. Mpelekee babu ubao halisi, upange kete kama zilivyokuwa kompyuta ilipoganda, na umwombe atakate.